Ghuba ya Manda ina wenyewe
Mwandishi wa makala kuhusu bandari ya Lamu, iliyo katika Ghuba ya Manda, anasifu kuongezwa kwa magati yake, lakini humo wavuvi wamepata sentensi moja tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwani ujenzi uliharibu maeneo yao ya uvuvi. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na mpango mzima ni magati 23! Mvuvi wa madema (mitego ya samaki) na mashua ndogo hawezi kukimbilia bahari kuu, hasa msimu wa kusi, upepo wa kusini, maji yanapochafuka. Hapo hutegemea ghuba na mikoko yake. Meli zikijaa humo, atatega wapi? Waulizeni kwanza manahodha wa visiwa vya Lamu na Pate, kabla ya kuchimba ghuba tena.