Mavazi hayakuwa pambo tu
Mwandishi wa makala niliyoyasoma ameyaeleza magenge ya mashabiki wa soka wa Uingereza ya miaka ya 1970 na 1980 kana kwamba yalikuwa vijana walevi wasio na kazi, na mavazi yao kana kwamba yalikuwa pambo tu, na hapo natofautiana naye. Genge la mashabiki wa klabu ya West Ham ya London, Inter City Firm, lilipata jina lake kutokana na treni za kawaida za abiria kati ya miji, InterCity, ambazo wanachama wake walizipanda makusudi ili kukwepa treni maalumu za mashabiki zilizolindwa na polisi. Na waliyempiga walimwachia kadi iliyochapishwa, ikimpongeza kwa kukutana nao. Mlevi hachapishi kadi.

Mavazi nayo yalikuwa na kazi. Mashabiki wa Liverpool walioifuata timu yao barani Ulaya walirudi na raba za Adidas na jaketi za bei kubwa, nyingine zikiwa zimeibwa madukani, tusifichane. Kwa kuwa polisi waliwasaka wenye skafu za klabu na mabuti mazito, kijana aliyevaa kama mcheza tenisi alipita mbele yao bila kuulizwa neno. Baadaye ikaja nembo ya Stone Island, kampuni ya mavazi ya Italia, kile kitambaa kinachofungwa kwa vifungo viwili kwenye mkono wa kushoto wa jaketi, na wanachama wa magenge wakawa wanatambuana kwa mbali.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba makala hayataji kabisa maafa ya uwanja wa Heysel. Tarehe 29 Mei 1985 watu 39, wengi wao mashabiki wa Juventus ya Italia, walikufa pale Brussels, Ubelgiji, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia jukwaani, na klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka 5.