Usingoje korosho ziuzwe ndipo umpeleke mtoto kanisani

Huku Uingereza, Kanisa la Anglikana lina ibada fupi ya shukrani kwa ajili ya mtoto, na si ubatizo. Hakuna maji, hakuna mafuta, hakuna wasimamizi wa ubatizo. Padri anawauliza wazazi kama wanampokea mtoto huyu kuwa zawadi ya Mungu, anauliza jina lake, anamwombea baraka, kisha anawakabidhi kitabu cha Injili. Marafiki waliosimama nao wanaahidi kuwasaidia katika malezi. Ibada inaweza kufanyika ndani ya ibada ya Jumapili, siku nyingine peke yake, hata nyumbani. Hailipiwi, na hakuna anayetaka kuona cheti cha ndoa.

Kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Masasi hadi Nachingwea, shukrani hiyo ina uzito mwingine, kwa sababu anayerudi kanisani siku hiyo ni mama. Ametimiza arobaini, ametoka ndani akiwa mzima, na kila mwanamke aliyepo anajua amevuka nini. Ndiyo maana wanamsindikiza mbele kwa nyimbo na vigelegele. Kitabu cha Sala cha Waingereza cha 1662 nacho kilimpa mama ibada yake mwenyewe baada ya kujifungua, kwa Zaburi ya 116 au 127. Kwa Wakatoliki wa zamani, padri alimpokea mlangoni, mama akiwa ameshika mshumaa unaowaka, akampa ashike ncha ya stola, ule ukanda mrefu ambao padri huvaa shingoni, na kumwongoza hadi altareni. Katika ibada ya shukrani ya siku hizi huku, mtoto amekaa katikati na mama amekuwa mzazi mmojawapo tu. Hapo naona sisi wa Kusini tumeshika kitu ambacho wao wamekiachia, na nisingependa tukiachie.

Kinachoniuma ni kuahirisha. Mtoto anazaliwa Machi, arobaini inapita, na familia inasema tungoje minada ya korosho ianze Oktoba ili tutoe shukrani inayoeleweka: sare za vitenge, sufuria za pilau, kwaya ipewe chochote, bahasha nene. Wenye ndugu ughaibuni wanangoja hadi Desemba ndugu aje likizo. Mtoto anafika mbele ya padri akiwa na meno, na mama alikwisha rudi shambani miezi mingi bila kuombewa. Someni Walawi 12. Sheria ilitaka mwanakondoo, lakini asiyemudu aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na Luka 2:24 inaonyesha kwamba sadaka ya Yosefu na Mariamu ilikuwa hiyo ya wasiomudu. Jogoo mmoja na pishi ya mchele vinatosha. Vikinadiwa nje baada ya ibada, kanisa linapata fedha yake na hakuna aliyekopa.

Jambo la pili ni mama ambaye hajafunga ndoa. Yako makanisa kwetu yanayomzuia asitoe shukrani mpaka amalize adhabu, wakati baba wa mtoto anaimba kwaya kama kawaida. Anayeshukuriwa ni Mungu, kwa ajili ya uhai wa watu wawili. Kama kuna nidhamu ya kushughulikia, ishughulikiwe ofisini kwa padri, na iwahusu wote wawili. Katika hili nawaunga mkono Waingereza bila kusita.

Halafu kuna makosa ya kawaida. Kubwa ni kudhani kuwa mtoto aliyebarikiwa amebatizwa. Miaka inapita, mtoto anaandikishwa mafundisho ya kipaimara, jina linatafutwa kwenye daftari la ubatizo halipo, na bibi anaapa kwamba alimwona padri akimwekea mkono kichwani. Aliwekewa mkono, ila maji hayakumwagwa. Kwa Wapentekoste hali ni tofauti: wao humbariki mtoto na kumwacha abatizwe atakapoamini mwenyewe. Basi ndoa yenye mmoja Mkatoliki na mmoja wa kanisa la kiroho ikubaliane mapema ni lipi linafanyika siku hiyo.

Kwa mnaotoka ughaibuni, shukrani haihitaji karatasi nyingi, ubatizo unahitaji. Mkatoliki aombe barua ya paroko wake wa huku kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa kawaida mtoto hubatizwa katika parokia ya wazazi. Msimamizi awe amepata kipaimara na kwa kawaida awe ametimiza miaka 16. Andikeni majina yote ya mtoto kwenye karatasi kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, mumpe katekista mkononi wiki mbili kabla. Jina likitajwa kwa simu, herufi hubadilika, na kurekebisha daftari baadaye ni safari ya kwenda na kurudi.

Na siku yenyewe, ibada inaweza kuchukua saa tatu nzima, na joto la Mtwara mnalijua. Mwombeni padri shukrani iwe mwanzoni, kabla ya mahubiri. Mama akae benchi la pembeni karibu na mlango ili atoke kunyonyesha bila kuruka miguu ya watu. Mtoto avae nguo nyepesi ya pamba, lile gauni la lesi lenye tabaka tatu liwe la picha tu. Na asizungushwe mikononi mwa kanisa zima: abebwe na mama, kisha padri, kisha bibi yake, inatosha.