Programu ya teminali ndani ya dirisha: kuiita au kuiunga?

Anayeandika programu ya dirisha ya kubadilisha video ana njia mbili. Anaweza kuiita ffmpeg, programu ya kubadilisha video inayoendeshwa kwa amri za kuandika kwenye teminali, kama mchakato mtoto (programu inayoanzishwa na programu nyingine), asome inachotoa na kukionyesha kwa mtumiaji. Au anaweza kuunga ndani ya msimbo wake maktaba (msimbo uliokwisha andikwa ili utumiwe na programu nyingine) zilezile ambazo ffmpeg imejengwa juu yake, libavcodec na libavformat. Wengi hufuata ya kwanza kwa kuwa ni mistari michache tu, halafu huanza kuilaani. Nami nimeilaani sana, lakini bado naitetea.

Lawama ya kwanza ni kimya. Mchakato umeanza, dirisha halionyeshi neno, kisha maandishi yote yanamwagika kwa mkupuo mwishoni. Mtu hudhani msimbo wake wa kusoma ndio mbovu, kumbe tatizo liko upande wa pili. Maktaba ya kawaida ya C huangalia mkondo wa matokeo unaelekea wapi: ukienda kwenye teminali, hutoa mstari kwa mstari, ukienda kwenye bomba, yaani njia ya kupitisha matokeo kutoka programu moja hadi nyingine, huyarundika kwenye bafa (hifadhi ya muda) mpaka ijae, kwa kawaida baiti 4096 kwenye Linux. Ndiyo maana programu iliyokuwa ikiongea vizuri ulipoijaribu kwa mkono inakuwa bubu ukiisikiliza kupitia bomba.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni teminali bandia, inayoifanya programu idhani inaongea na teminali halisi. Mifumo ya jamii ya Unix inazo tangu zamani. Windows ilipata yake, ConPTY, mwaka 2018. Ila programu ikiamini inaongea na mtu, huanza kupaka rangi, kuchora upau wa maendeleo na kurudisha kishale nyuma, nawe unabaki kuchambua herufi za udhibiti. Kwa ajili ya kupata asilimia tu, huko ni kujitesa: ffmpeg ina swichi ya -progress inayotoa jina na thamani, mstari mmoja mmoja.

Kuna pia kukwama. Bomba la Linux hubeba baiti 65,536 usipolibadilisha. Programu huwa na mikondo miwili ya kutolea maandishi, wa matokeo na wa makosa. Ukisoma wa matokeo peke yake hadi mwisho, bomba la makosa linaweza kujaa. Mtoto asimame akingoja lipungue, nawe unamngoja yeye amalize. Kwa ffmpeg hili si jambo la nadra, maana taarifa zake huziandika kwenye mkondo wa makosa hata pasipo kosa lolote. Mikondo yote miwili isomwe kwa wakati mmoja, nje ya uzi (mfululizo wa utekelezaji) unaochora dirisha.

Maktaba haina shida hizi. Kosa huja kama thamani, na hakuna maandishi ya kuchambua. Lakini faili bovu likiiangusha maktaba, programu yako yote inaanguka nayo. Likiuangusha mchakato mtoto, dirisha linabaki wazi na ujumbe wa kosa. Isitoshe, maktaba si lazima iwe programu ileile uliyoizoea. libgit2, kwa mfano, ni Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) iliyoandikwa upya kama maktaba, na skripti ambazo mtumiaji amepanga ziendeshwe kabla ya kila komiti (kuhifadhi mabadiliko kama toleo) haiziendeshi yenyewe.

Kwangu, kinachoamua ni kama maandishi yanayotolewa na programu yalikusudiwa kusomwa na mashine. Matokeo ya git status, amri inayoonyesha faili zilizobadilika, hufuata lugha ya mfumo, kwa hiyo msimbo unaotafuta neno "modified" unakufa kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa. Git imeliona hilo, ndiyo maana ina swichi ya --porcelain, yenye muundo ulioahidiwa kutobadilika kutoka toleo hadi toleo. Programu yenye lango kama hilo, iite bila wasiwasi. Isiyo nalo, ikiwa unahitaji zaidi ya kujua imefaulu au imeshindwa, itafutie maktaba.

Suala la mahali programu ilipo huchelewa kuonekana. Kwenye macOS, programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni hairithi PATH (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) uliyoipanga kwenye teminali yako. Kwako kila kitu kinakwenda sawa, kwa mtumiaji ffmpeg "haipatikani". Unaweza kuifungasha pamoja na programu yako, lakini kuanzia hapo kila tundu la usalama linalozibwa ndani ya ffmpeg linakudai nawe utoe toleo jipya.