Usinitumie Kiungo Kitupu

Kila wiki napokea viungo vingi kwenye WhatsApp, na vingi havina hata neno moja la mtumaji, kwa hiyo nimezoea kuvipita. Si kiburi. Anayenitumia programu au blogu bila kunieleza imemfaa nini ananibebesha upya kazi ambayo yeye ameshaimaliza, tena kwa bando langu.

Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, niliijua kwa njia nyingine. Nilikuwa nimemrekodi bibi akisimulia hadithi, na feni ya dari ikavuma juu ya sauti yake mwanzo hadi mwisho. Rafiki yangu alikuja kukaa nami mbele ya kompyuta, akaniambia nichague sekunde mbili ambazo bibi alikuwa amenyamaza na feni inasikika peke yake, niielekeze programu kwamba huo ndio mvumo wa kuondolewa, kisha nichague rekodi yote na kuisafisha. Mara ya kwanza tulizidisha, bibi akasikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Tukapunguza, sauti ikatulia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba programu hiyo ilizaliwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na kwamba hailipiwi hata senti.

Blogu nazo huenea vizuri kwa mkono wa mtu. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti wa Tanzania, alianza kublogu mwaka 2005 akiwa Helsinki, Ufini, baada ya kuelekezwa na Ndesanjo Macha, ambaye wakati huo tayari alikuwa akiandika blogu yake, Jikomboe, kwa Kiswahili. Wengi wetu tulioishi mbali na nyumbani tuliifungua blogu ya Michuzi kila asubuhi kutazama picha za harusi, misiba na mikutano, na kusoma maoni ya wale aliowaita wadau, ambayo mara nyingine yalichekesha kuliko habari yenyewe.

Ninapomtumia mtu blogu sasa, humtajia makala ya kuanzia; na programu humwelekeza kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kwa kuwa nakala za kuokoteza huja na takataka nyingine ndani yake. Wiki iliyopita nilimtumia binamu yangu Audacity kwa sentensi moja: "Hii ndiyo iliyomtoa bibi kwenye feni." Aliipakua jioni ileile.