Nilinunua Kifungo, Shati Sina

Kompyuta ya duka langu la steshenari hapa Morogoro ilikuwa imezeeka vibaya. Ukiiambia ichape, unapata nafasi ya kumenya ndizi, kuila, na kwenda nje kutupa ganda. Ukirudi, ndiyo kwanza inajikohoza. Halafu Oktoba 2025 ilipokaribia, ikaanza kunitolea taarifa kama mwenye nyumba anayetaka chumba chake: Windows 10 mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14.

Mpwa wangu, anayesoma chuo kikuu cha SUA na kula kwangu, akachungulia jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. i5-6500.

"Mjomba, hiki ni kizazi cha 6. Windows 11, ukiacha chache, inataka kuanzia cha 8."

"Cha 6 umekijuaje?"

"Si tarakimu ya kwanza baada ya i5?"

Ukoo wetu wenyewe naujua hadi kizazi cha 4 tu, na hicho cha 4 kina kesi ya shamba. Lakini kwa siku tatu nikageuka bingwa wa nasaba za Intel. Hii yangu ilitoka 2015, ina viini 4, yaani vichwa vinne vya kufanya kazi kwa pamoja. Niliyoitamani, i5-8400 ya kizazi cha 8, ilitoka mwishoni mwa 2017, ina viini 6. Hapo sikuwa na neno. Kilichoninyima usingizi ni kasi: yangu kuukuu ilikuwa na gigahezi 3.2, hiyo mpya 2.8. Yaani nitoe hela ili namba ishuke? Mpwa akasema hiyo ni kasi ya kuanzia tu. Ikibanwa na kazi hupanda hadi 4.0, wakati yangu inaishia 3.6. Mke wangu alikuwa pembeni anakuna nazi. Akauliza, "Kuna mteja amelalamikia gigahezi?" Nikamwambia mambo haya ni ya kitaalamu, aendelee na nazi.

Jumamosi hiyo nilikuwa na kazi ya kadi 80 za mchango wa harusi. Kamati ilishaniletea kadi yao kwenye flashi, na wangezifuata saa 12 jioni. Nikapiga hesabu: niende Dar na treni ya asubuhi, nirudi, nifunge prosesa, kadi zitoke kama mvua. Ndiyo hesabu zangu zilivyo.

Kariakoo sikwenda kijinga. Nilijua lazima soketi, yaani kile kitako prosesa inamokaa, zifanane, na yangu nimeikariri: 1151. Nikamuuliza muuzaji, "Hiyo soketi gani?" Akajibu, "1151." Nikajisikia mzazi aliyeulizia ukoo wa mkwe akakuta watu wema. Nikatoa 170,000, nikapewa risiti yenye muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudi. Safari nzima ya kurudi nilishika mfuko wa shati hadi mama wa siti ya pili akaniuliza kama nina presha.

Saa 9 nikafungua kompyuta. Chini ya feni kulikuwa na zulia la vumbi, na ile gundi ya kupoza imekauka kama ukoko wa ugali. Nikafuta tu ili nipite. Prosesa mpya ikaingia bila kusukumwa, vipengele vyote vikakaa, mkono wa chuma ukafunga laini. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi.

Nikazima, nikawasha. Nikatoa ramu, nikaipuliza, nikairudisha. Nikaulaumu waya wa kioo. Nikasoma bismillahi ambayo nilipaswa kuisoma Kariakoo.

Mpwa alikuwa kimya na simu yake. Mtoto anayekula kwako akinyamaza hivyo, jua kuna hasara. "Mjomba, hii mazabodi, hii bodi kuu yenye soketi, ni H110?"

Ndiyo hiyo. Kumbe Intel walibakiza jina la soketi na idadi ileile ya pointi 1151, lakini kwa kizazi cha 8 baadhi ya pointi wakazibadilishia kazi. Inataka mazabodi za mfululizo wa 300, na H110 ni ya mfululizo wa 100. Kwenye yangu inaingia vizuri kabisa, ila haiwaki ng'o. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua kifungo cha 170,000, sasa nitafute shati la kukishonea.

Nikaamua kuirudisha ile ya zamani. Hasira ikanitangulia, prosesa ikaniponyoka, ikaangukia soketi na kupinda vipini viwili, vyembamba kama kope. Ilipofika saa 11 nilikuwa nimeinamia mazabodi na sindano ya mke wangu, mpwa ananimulikia tochi ya simu, na kadi iliyochapwa hakuna hata moja.

Nikachukua flashi, nikavuka barabara hadi kwa mpinzani wangu.

Kompyuta yake ni Core 2 Duo, kuukuu kuliko hata yangu, ubavu uko wazi, feni ya mezani inaipulizia tumboni. Nimeicheka ile kompyuta miaka. Akachapa kadi 80, hazijakwama hata moja, kamati ikazikuta kwangu zimefungwa na utepe. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Nasikia leo ulipanda treni?"

Saa 5 usiku vipini vilisimama. Nikaweka gundi mpya, nikafunga prosesa yangu ya kizazi cha 6, nikawasha nikiwa nimefumba jicho moja. Ikawaka. Nikajaribu kuchapa, karatasi ikatoka sijagusa ndizi. Mpwa akasema kwa sauti ya chini kwamba prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe, na ile yetu ilikuwa imezibwa pumzi na vumbi.

Mke wangu akapita kuchukua sindano yake. Hakusema kitu, akapita tena.

Wakati wa kuvua shati nikaikuta mfukoni risiti ya jirani, kaiandika kwa mkono: "Kadi 80, sh 40,000. Ushauri wa feni, bure."