Saa 120 mbele ya uso mmoja

Tuzo ya Archibald hutolewa mjini Sydney kwa mchoro bora wa sura ya mtu. Ile ya mwaka 1975 alipewa John Bloomfield kwa mchoro wake wa mwongozaji filamu Tim Burstall, kisha akanyang'anywa. Alikuwa amemchora Burstall kutoka kwenye picha ya kamera, ilhali kanuni zilitaka mtu achorwe akiwa mbele ya mchoraji. Tuzo ikahamia kwa Kevin Connor.

Wachoraji wakikisikia kisa hiki hugawanyika palepale. Wapo wanaosema haki ilitendeka, kwa kuwa kuchora kutoka kwenye picha ni kunakili tu. Wengine wanaona waamuzi walishikilia sheria kupita kiasi: mchoro ama ni mzuri ama si mzuri, jinsi ulivyopatikana ni siri ya aliyeuchora. Ninavyoona mimi, kambi hizi mbili zimekubaliana bila kujua. Zote zinachukulia kwamba kuchora ana kwa ana ni mtihani, na picha ni kikaratasi kilichofichwa kwenye mkono wa shati. Wanachogombania ni kama mwenye kikaratasi aadhibiwe au aachwe.

Kama hoja ingekuwa ni ufundi, ningekuwa upande wa picha bila kusita. Picha haimchorei mtu. Delacroix na Degas, wachoraji wakubwa wa Ufaransa, waliitumia, na hakuna mwenye akili timamu anayesema hawakujua kuchora. Mchoraji Mmarekani Chuck Close alitumia miezi kuhamisha picha kwenye turubai mraba kwa mraba; mchoro mkubwa wa uso wake mwenyewe, wa 1967 hadi 1968, una kimo cha karibu mita 2.7. Tena Close alikuwa na hali ya ubongo inayomzuia mtu kutambua nyuso. Kichwa kikigeuka kidogo tu, kwake ulikuwa uso mwingine. Uso uliolala bapa kwenye karatasi ndio aliouweza kuushika. Mchoraji Francis Bacon naye alisema wazi kwamba mtu akiwa chumbani alimtatiza. Hakutaka kuuvuruga uso wa rafiki yake huku rafiki mwenyewe akitazama, kwa hiyo akampa mpiga picha John Deakin kazi ya kuwapiga marafiki picha. Na marehemu je? Na mtoto wa miaka mitatu asiyetulia hata dakika mbili? Hayo yote nayakubali.

Ila tatizo la picha, kwangu, halijawahi kuwa wepesi wake. Tatizo ni muda uliomo ndani yake.

Mwaka 2002 mchoraji David Hockney alikaa kuchorwa na mchoraji mwenzake Lucian Freud, na kwa hesabu yake mwenyewe vikao vile vilichukua zaidi ya saa 120. Namba hiyo imenikaa kichwani kwa miaka. Saa 120 ni sekunde 432,000. Picha ya kawaida ya mchana hunaswa kwa moja ya sehemu 125 za sekunde. Ukigawanya, muda ule ungemeza picha milioni 54. Najua hesabu hii haisemi kila kitu: hakuna aliyetazama milioni 54 ya chochote, na sehemu kubwa ya muda ule watu wale wawili walikuwa wakizungumza tu. Lakini hebu fikiria yanayotokea usoni katika saa hizo. Tabasamu la kukaribishana linaisha katika dakika ya kwanza. Shingo inazama mabegani. Mtu anakumbuka jambo la nyumbani, macho yanaondoka chumbani, kisha yanarudi. Kesho yake anakuja akiwa hakulala vizuri. Mchoraji hawezi kunakili yote hayo kwa sababu hayapo pamoja wakati wowote ule. Analazimika kuamua: mdomo wa lini, jicho la lini, bega la siku gani? Uso unaotokea kwenye turubai haukuwahi kuwapo kwa sekunde hata moja, na bado wanaomjua mwenyewe wanasema ndiye.

Picha imekwisha kuamua. Imechagua kipande kimoja, mara nyingi kile ambacho mtu aliambiwa acheke, na mchoraji anapokea uamuzi huo kabla hajashika brashi. Ndiyo maana michoro mingi iliyotoka kwenye picha ina meno. Hakuna binadamu awezaye kushikilia kicheko kwa dakika ishirini.

Kuna na suala la umbo, ambalo watu hulipita haraka. Mtu akijipiga picha kwa simu, ncha ya pua iko kama sentimita 30 kutoka kwenye lenzi, na masikio, yaliyo nyuma kwa sentimita 12 hivi, yako kwenye 42. Pua inapata ukubwa wa ziada mara 1.4 ikilinganishwa na masikio. Mkikaa mita moja na nusu mkitazamana, ziada hiyo ni 1.08 tu. Kwa hiyo pua ya kwenye simu imekuzwa kwa karibu asilimia 30 kuliko ile ambayo ndugu zake wanaijua, na mchoraji mwaminifu asiyemjua mtu huyo ataichora hivyohivyo, kwa uangalifu mkubwa.

Wanaopinga vikao hupenda kumleta Picasso. Alimkalisha mwandishi Gertrude Stein mara 80 au zaidi, akaufuta uso, na mwaka 1906 akaumalizia bila Stein kuwapo. Basi vikao vilikuwa vya nini? Nadhani jibu limo ndani ya swali. Alichora kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilijazwa na vikao vile.

Amy Sherald, aliyemchora Michelle Obama, huchora kutoka kwenye picha, lakini ni picha anazozipiga mwenyewe, mtu akiwa mbele yake, baada ya kumtazama na kumpanga. Kwake ugomvi wangu unabaki mdogo sana. Ninachokipinga ni picha iliyopigwa na mtu mwingine, ya mtu ambaye mchoraji hajawahi kumsikia hata akikohoa. Kanuni za Archibald za sasa zinataka angalau kikao kimoja ana kwa ana. Kimoja tu! Hiyo si kanuni ya kupima ufundi wa mtu. Inachodai ni kwamba wawili hao wakutane.

Nani ana saa 120? Karibu hakuna, na hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande wa pili. Basi omba mbili. Mwambie mteja kwamba picha utaichukua, lakini kwanza akae mbele yako na wewe una penseli. Saa ya kwanza itapotea, maana atakuwa bado anajiweka sawa kwa ajili yako. Mahali fulani katikati ya ile ya pili atasahau kwamba anatazamwa, na hapo ndipo utakapotaka penseli iwe imechongwa.