Skripti ya kufunika: ivisome vigezo au ivipitishe?

Skripti ya kufunika ni ile fupi inayosimama mbele ya programu nyingine: inapanga mazingira, kisha inaikabidhi programu kazi. Waandishi wake hugawanyika hapa: ivisome vigezo vya mtumiaji (maneno anayoandika baada ya jina la amri), au ivipitishe kama vilivyokuja?

Wanaotaka ivisome wana hoja nzito. Ipo kazi isiyofanyika bila kusoma, kama kuzuia chaguo (kigezo kinachoanza na `-`) la hatari, au kuongeza chaguo pale tu ambapo mtumiaji hakuliweka mwenyewe.

Shida ni kwamba skripti haijui sarufi ya programu iliyo nyuma yake. Tuseme inafunika `grep`, programu ya kutafuta maandishi ndani ya faili, na inatafuta `-v` popote ilipo ili iwashe maelezo yake ya ziada. Mtumiaji anaandika `grep -e -v daftari.txt`, yaani nitafutie maandishi "-v" ndani ya daftari.txt (`-e` hutangulia neno la kutafutwa). Skripti inaimeza ile `-v`. Kinachofika ni `grep -e daftari.txt`: jina la faili limegeuka neno la kutafutwa, faili la kusoma halipo tena, na `grep` inakaa kusubiri kibodi. Hakuna kosa lililotangazwa. Mtu anakodolea macho skrini iliyonyamaza, na hana pa kuanzia kutafuta.

Kupitisha nako kuna mtego, ila huu dawa yake ni herufi chache. `$*`, yaani vigezo vyote, bila alama za nukuu hukata "ripoti ya mwaka.pdf" vipande vitatu, `"$*"` huunganisha vigezo vyote kuwa kimoja. `"$@"` hukabidhi kila kigezo kilivyo, hata kilicho kitupu. Mstari wa mwisho ukiwa `exec programu "$@"`, programu inachukua nafasi ya sheli yenyewe (ile inayoendesha skripti), na msimbo wake wa kutoka, namba inayosema kama imefaulu, unamfikia aliyeiita.

Naegemea kupitisha. Skripti ikihitaji chaguo zake, izisome mwanzoni tu na ikome kwenye `--`, alama ya mwisho wa chaguo. Programu kama `nice` na `timeout`, ambazo nazo huendesha amri nyingine, husoma zao kabla ya amri hiyo. `getopts`, kisomaji cha chaguo kilichomo ndani ya sheli, inatosha hapo, ijapokuwa inajua chaguo za herufi moja tu. Wengine hukimbilia vibadilika vya mazingira (thamani zenye majina zinazowekwa nje ya vigezo), ambavyo kweli havigusi vigezo hata kidogo. Lakini ukikosea herufi moja ya jina hakuna wa kukuambia, na kila programu itakayozaliwa humo itavirithi.